Koldirumu ya maparachichi na namba za kuanzia: jibu kwa msomaji wa Moshi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, kaandika hivi:

"Shikamoo injinia. Nafanya projekti ya koldirumu ya kikundi cha wakulima wa parachichi huku Kibosho, chumba ni mita 4 kwa 3 kwa 2.5, kinaingia tani 2 za matunda, mashine ya kilowati 5. Natumia OpenFOAM (programu ya kusimulia mwendo wa hewa na joto kwenye kompyuta), solva, yaani kikokotozi chake, ya chtMultiRegionFoam, nimechora hewa, matunda na sakafu. Mara ya kwanza ilikufa ndani ya sekunde ya kwanza. Nikachukua folda ya 0, ile ya namba za kuanzia, kutoka kwenye mfano mwingine nikarekebisha, sasa inaenda hadi mwisho, ila inasema chumba chote kinafika nyuzi 6 kwa robo saa tu na msimamizi wangu amekataa. Kila ninayemuuliza ananiambia weka hali za mwanzo sahihi. Hizo sahihi zinatoka wapi? Nimebadilisha namba mara nyingi ila jibu haliguswi. Nimekuambatanishia folda zote mbili."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza, maana wengi wakishaona simulesheni imefika mwisho bila kufa wanachapa zile picha za rangi wanapeleka, imeisha hiyo. Msimamizi wako yuko sahihi kukataa. Hebu tuone kwa kalamu na karatasi kabla hatujagusa faili lolote.

Chumba chako ni mita za ujazo 30, toa nafasi ya kreti zinabaki kama 25 za hewa. Hewa ya Moshi ikiwa nyuzi 28 ina uzito wa kama kilo 1.06 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo humo ndani kuna kilo 26 na nusu za hewa, na kuzishusha kutoka nyuzi 28 mpaka 6 unatakiwa utoe karibu kilojuli 590. Sasa njoo kwenye matunda: kilo 2,000, kila kilo inabeba kama kilojuli 3.5 kwa kila nyuzi moja, zidisha na nyuzi 22, unapata kilojuli 154,000. Yaani joto lililoko kwenye matunda ni zaidi ya mara 260 ya lile la kwenye hewa. Mashine ya kilowati 5 kwa robo saa inatoa kilojuli 4,500, haina uwezo wa zaidi ya hapo hata ukiipigia magoti. Hizo 154,000 zinataka saa nane na nusu, tena mlango usifunguliwe hata mara moja na ukuta usipitishe joto hata kidogo. Sasa kama programu inakwambia robo saa, maana yake joto la matunda halikutolewa kwa sababu halikuwepo tangu mwanzo.

Na kweli, nimefungua folda yako ya pili, kwenye 0/hewa faili la T, yaani joto kwa kelvini, limeandikwa 301, ndo nyuzi 28, safi kabisa, lakini kwenye 0/matunda faili la T limeandikwa 279. Nyuzi 6. Aliyetengeneza ule mfano alikuwa anaangalia mzigo ambao umeshapoa tayari, wewe ukabadilisha hewa ukaacha matunda vilevile. Kwa hiyo ulichosimulia ni maparachichi ya baridi yamewekwa kwenye chumba chenye hewa ya moto halafu mashine ikawashwa, na kwa swali hilo jibu la robo saa ni sahihi kabisa, ndo maana programu haikulalamika. Solva haijui kama hayo ni maparachichi ya Kibosho yametoka shamba saa nne asubuhi. Inajua namba uliyoipa, basi.

Hapo ndo nataka uelewe kitu kimoja kikubwa, ukishakishika mengine yote yanajipanga yenyewe: kila kitu ndani ya simulesheni kina kumbukumbu yake, na kumbukumbu hizo hazilingani urefu. Kazi ya hali za mwanzo ni kuiambia programu nini kilitokea kabla hujaiwasha. Kitu chenye kumbukumbu fupi ukikosea mwanzo wake kitajirekebisha chenyewe kabla hujamaliza kunywa chai, kitu chenye kumbukumbu ndefu ukikosea mwanzo wake kosa unatembea nalo mpaka jibu la mwisho.

Angalia chumba chako. Feni ya ile mashine, kwenye folda zako, umeandika inasukuma mita za ujazo 3,000 kwa saa, na hewa ni mita 25, kwa hiyo hewa yote inapita kwenye feni mara moja kila nusu dakika. Ukianza na hewa imetulia tuli au ukianza nayo inazunguka tayari, baada ya dakika tatu nne huwezi kutofautisha tena. Parachichi moja likiwa peke yake kwenye upepo wa baridi linachukua kama saa moja hivi kupoteza sehemu kubwa ya joto lake, yakiwa yamebanana katikati ya kreti ni masaa mengi. Sakafu ya zege ya sentimita 15, hapo unaongelea masaa nane na kuendelea, na udongo ulio chini yake ni siku kwa siku. Sasa swali lako ni la masaa. Kwa hiyo spidi ya hewa ya mwanzo haistahili usumbufu unaoipa (nimeona umehangaika kuitafutia namba pointi tatu za desimali), joto la mwanzo la matunda na la sakafu ndo mradi wenyewe.

Basi hizo namba za matunda zinatoka wapi? Hazitoki kwenye programu wala kwenye kitabu, zinatoka Kibosho. Nunua kipimajoto cha kuchoma nyama, kile chenye sindano ndefu, sio ghali. Nenda pale wanapokusanyia siku ya kuvuna, wakati kreti zinapakuliwa. Chukua tunda la kreti ya juu, la katikati na la chini, ya gari lililofika asubuhi na ya gari la mchana, choma sindano mpaka uguse kokwa, subiri namba isimame kabisa, andika. Usipime ngozi. Ngozi ya parachichi iliyokaa juani nusu saa inakuwa ya moto wakati kwenye kokwa bado kuna ubaridi wa asubuhi, na lile lililorudishwa kivulini linakuwa kinyume chake. Utashangaa tofauti: mzigo uliochumwa alfajiri migombani kwenye kivuli na ule uliosubiri gari barabarani hadi saa saba mchana ni vitu viwili tofauti kabisa, na hiyo ndo hali yako ya mwanzo, sio 301 kila mahali kwa sababu 301 inapendeza.

Ukikuta tofauti ni ndogo, nyuzi moja au mbili, weka wastani mmoja endelea na maisha. Ukikuta ni kubwa, tumia setFields: unaiambia kwamba sanduku la kuanzia pembe hii mpaka pembe ile, seli zote zilizomo (vile vipande vidogo vya hesabu) zipewe joto hili, na zilizobaki lile. Kwa sababu una maeneo zaidi ya moja lazima uitaje kwa eneo, setFields -region matunda, usipotaja itatafuta kwenye folda kuu ya 0 na haitagusa kreti zako. Halafu setFields inaandika juu ya faili lenyewe, namba za zamani zinapotea, kwa hiyo weka nakala safi kwenye folda inayoitwa 0.orig na kila ukianza upya nakili kutoka huko. Huo ni utaratibu wa watumiaji wengi wa OpenFOAM, haupo kwa urembo.

Sakafu nayo usiisahau. Kama chumba hakijawahi kuwashwa, zege litakuwa karibu na wastani wa joto wa mahali hapo wa muda mrefu, na kama unasimulia mzigo wa tatu wa wiki hiyohiyo, zege tayari limeshakunywa baridi na hapo ukianza nalo la moto unaionea mashine. Amua unasimulia siku ipi. Andika kabisa kwenye ripoti, "huu ni mzigo wa kwanza baada ya chumba kukaa kimezimwa", msomaji ajue.

(Pembeni kidogo: umechora kila kreti kama kipande kimoja kigumu cha parachichi. Kreti halisi ina matundu, hewa inapita kati ya tunda na tunda, kwa hiyo kipande kigumu kitachelewa kupoa katikati kuliko ukweli, tena kuchelewa kwingi sana. Ukisharekebisha lile 279 usishangae jibu likiruka kutoka robo saa mpaka siku kadhaa, hiyo sio hali ya mwanzo tena, ni jinsi ulivyochora mzigo. Itabidi uende kwenye eneo lenye vinyweleo, ambapo hewa na tunda vina joto lake kila kimoja. Uliza wakati mwingine, ni mada yake.)

Sasa turudi kwenye ile folda ya kwanza, iliyokufa, maana kosa la kule ni la aina nyingine na linawapata watu wa huku kwetu kuliko watu wa Dar.

Wewe ulifanya kitu kizuri: ulisoma kwamba Moshi iko juu, mita kama 850 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa haiwezi kuwa 101,325, ukaenda kwenye ule uwazi mdogo wa mlango ukaweka 91,500 paskali. Sahihi kabisa. Ila ndani ya chumba, kwenye internalField, ukaacha 1e5 ya mfano, yaani laki moja. Hapo programu inaona chumba kimejazwa upepo kama tairi, ndani kuna paskali 8,500 zaidi ya nje, na kuna upenyo. Piga hesabu ya haraka ya Bernoulli, mbili mara 8,500 gawanya kwa 1.06 chukua kipeuo cha pili, hewa inataka kutoka mlangoni kwa mita 126 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Meshi yako, yaani ule mgawanyo wa chumba katika seli, ina seli za sentimita 2 pale mlangoni na hatua ya muda ya sekunde 0.01, kwa hiyo hewa inaruka seli 63 kwenye hatua moja wakati inatakiwa isiruke hata moja. Namba ya Courant, ile inayohesabu seli zinazorukwa kwa hatua moja, ikapaa, joto likaenda hasi, ikafa. Haikuwa meshi mbaya, haikuwa solva mbovu, ni mlango na chumba kutokubaliana kuhusu Moshi iko wapi.

Kwa hiyo: 91,500 mpakani na 91,500 ndani, na iwe kwenye p_rgh na kwenye p pia. Kwenye solva hizi inayotatuliwa ni p_rgh, ile presha iliyotolewa uzito wa hewa, p inahesabiwa kutokana nayo. Ukiweka p_rgh namba moja kila mahali, solva yenyewe inaongeza uzito wa hewa ya mita 2.5, ambao kwako ni kama paskali 26, na hewa inaanza ikiwa imetulia. Ni kidogo lakini usiupuuze, maana hata feni yako inafanya kazi kwenye makumi ya paskali hayohayo.

Na mtu wa Arusha anayesoma hapa asinakili 91,500, huku tuko kama mita 1,400, presha ni karibu 85,600 na hewa ya nyuzi 28 ina kilo 0.99 tu kwa mita ya ujazo wakati pwani ni 1.17. Feni ileile inazunguka kwa spidi ileile inapeleka ujazo uleule, ila kilo pungufu kwa asilimia 15, na kinachobeba joto ni kilo. Mtu akikuletea kipimo cha mashine kilichopimwa usawa wa bahari ukaingiza mzimamzima, koldirumu yako kwenye kompyuta itapoa haraka kuliko ya kweli ya hapa Sakina au Njiro.

Tahadhari moja hapo: usichukue presha kwenye taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa KIA au kwenye apu ya simu ukaiweka moja kwa moja. Utaona imeandikwa elfu moja na kumi na kitu hektopaskali, ukafikiri basi kumbe ni kawaida kama pwani. Ile imesharekebishwa kuwa usawa wa bahari ili marubani wote wawe na lugha moja ya kusoma urefu. Presha halisi inayogusa ngozi yako pale KIA, mita kama 890 juu, ni karibu 911. Simu zingine zina kihisi cha presha ndani yake na apu ya kukisoma inakuonyesha ile halisi, hiyo ndo ya kutumia.

Hili suala la presha na upepo kutokubaliana mwanzoni sio la wanafunzi tu. Lewis Fry Richardson wa Uingereza alijaribu kutabiri hali ya hewa kwa mahesabu, kwa mkono, akatumia vipimo halisi vya Ulaya vya asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, na alipochapisha kazi yake mwaka 1922 jibu lilikuwa kwamba presha sehemu moja ya Ujerumani ingebadilika hektopaskali 145 ndani ya saa 6. Ukweli ni kwamba siku hiyo presha ilikaa karibu palepale. Baadae sana Peter Lynch wa Ireland alirudia mahesabu yaleyale, milinganyo ileile, ila akalainisha kwanza data za mwanzo ili upepo na presha vipatane, na jibu likatoka la maana. Milinganyo ya Richardson haikuwa na shida. Kwa hiyo ukiona simulesheni inatetemeka sekunde za mwanzo, presha inapanda inashuka kama imepagawa, kabla hujaanza kulaumu meshi angalia kwanza kama faili zako za folda ya 0 zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe: presha na joto na densiti viwe vya hewa ileile, cha ndani na cha mpakani vianze sehemu moja.

Ndo maana pia nakushauri usiwashe feni ghafla. Hewa imetulia, halafu sekunde sifuri inasukumwa mita 6.6 kwa sekunde kutoka kwenye feni, hicho kitu hakipo duniani, hata feni yenyewe inachukua sekunde kadhaa kufika spidi. Weka jedwali, sekunde 0 spidi 0, sekunde 5 spidi 6.6, na uruhusu programu ijipangie hatua ya muda yenyewe kwa adjustTimeStep na kikomo cha Courant kama 0.5 mwanzoni. Ukitaka kistaarabu zaidi endesha kwanza ile isiyo na muda, inayotafuta moja kwa moja hali ya mwisho iliyotulia, chtMultiRegionSimpleFoam, mpaka mzunguko wa hewa utulie, halafu chukua spidi na presha kutoka huko zikawe mwanzo wa ile ya muda. SPIDI NA PRESHA na zile mbili za tabyulensi (msukosuko wa hewa) tu, usichukue joto la matunda kutoka huko! Ile isiyo na muda imeshayapoza yote hadi mwisho, ukibeba na T yake umerudi kwenye lile 279.

Na hapo nigusie tofauti ambayo watu hawaambiwi. Kwenye simulesheni isiyo na muda, namba za mwanzo ni makisio tu, kianzio cha kutafutia jibu, na jibu likiwa moja tu duniani utalifika ukianzia popote isipokuwa utachelewa au kuwahi. Kwenye ya muda, namba za mwanzo ni sehemu ya swali. Sio makisio tena. Mtu wa Ansys Fluent, programu nyingine ya kazi hii, akibonyeza ile initialization ya hybrid programu inatatua mlinganyo wa Laplace inampa spidi na presha za kuanzia zenye sura nzuri, kwa isiyo na muda inatosha sana, lakini kwa ya muda kama yako hakuna kitufe kinachojua maparachichi yalikaa wapi saa saba mchana, lazima aingie kwenye patch aweke joto la kila eneo kwa mkono. Na wa Fluent mwenzetu wa huku akumbuke operating pressure, ile presha ya mahali, inakuja na 101,325 tayari imeandikwa, abadilishe.

Hata kwa isiyo na muda usilale moja kwa moja. Hewa inayoendeshwa na joto, ya moto inapanda ya baridi inashuka, wakati mwingine ina majibu mawili yote halali, mzunguko unaokwenda kulia na unaokwenda kushoto, na ni mwanzo ndo unaamua utaangukia lipi. Kwako feni ina nguvu kwa hiyo sio shida, ila ukizima feni, ambayo nakuja kuisema sasa hivi, inaweza ikawa.

Tabyulensi, haraka. Faili za k (nguvu ya msukosuko) na omega (kasi ya kufifia kwake) haziruhusiwi kuwa sifuri, na pia haziruhusiwi kuwa chochote kilichokuja kichwani. Kisia spidi ya kawaida ndani ya chumba, sema mita 0.3 kwa sekunde, chukua asilimia 10 yake ni 0.03, k ni moja na nusu mara kipeo cha pili cha hiyo, unapata 0.00135. Urefu wa mizunguko chukua asilimia 7 ya kipenyo cha feni, feni ya sentimita 40 ni mita 0.028. Omega ni kipeuo cha pili cha k, gawanya kwa 0.548 mara huo urefu, inakuja kama 2.4. Ukaguzi wake: k gawanya omega, halafu linganisha na mnato wa hewa yenyewe, kwako ni kama mara 30, inakubalika. Wewe uliweka omega 0.001. Ukifanya ukaguzi huohuo inatoka mara 77,000, yaani umeanza na chumba kilichojaa uji mzito badala ya hewa. Habari njema ni kwamba hii kumbukumbu yake ni fupi, feni ingeisafisha, ila kwa zile dakika za mwanzo ingekupotezea muda na kukuficha makosa mengine.

Na kelvini. T ni kelvini, siku zote, jumlisha 273.15. Kuna mtu ataandika 28 na kama thermo yake (maelezo ya tabia ya hewa kwenye joto) ni ile rahisi ya hConst programu itaendelea kimyakimya na hewa yenye densiti ya kilo 11 kwa mita ya ujazo, anashangaa kwa nini hewa inadondoka kama maji.

Kabla hujaendesha chochote kirefu, fungua ParaView, programu ya kuangalia matokeo kwa picha, kwenye muda 0. Sio muda 100, muda sifuri kabisa. Washa maeneo yote matatu, paka rangi ya T kwa kipimo kimoja, angalia: kreti za juu za moto, za chini za baridi kama ulivyopima, sakafu yake, hewa yake. Kosa lako la 279 lingeonekana hapo kwa sekunde mbili, kreti zingekuwa za bluu kwenye chumba chekundu. Halafu jumlisha joto lote la matunda kwenye muda 0 ulinganishe na zile 154,000 za karatasi.

Kingine, umeandika mwishoni kwamba ulibadilisha namba mara nyingi na jibu halikuguswa. Angalia controlDict yako, faili linaloongoza uendeshaji, startFrom umeweka latestTime. Hiyo inamaanisha kama kuna folda ya sekunde 300 kutoka kwenye uendeshaji uliopita, inaanzia hiyo, folda ya 0 haisomwi hata kidogo, unaweza ukaandika humo joto la jua haitajua. Futa folda za muda za zamani au weka startFrom iwe startTime, na startTime yenyewe iwe 0.

Lakini hiyohiyo latestTime ndo itakusaidia kwenye swali ambalo kikundi chako kitakuuliza tu, mimi nakwambia mapema: umeme ukikatika saa mbili usiku wakati matunda hayajapoa vizuri, tuna muda gani? Hiyo hali ya mwanzo usiikisie na wala usiiandike kwa mkono. Endesha ya kupoza mpaka saa ya tano, simamisha, badilisha mpaka wa feni uwe spidi sifuri, endelea kutoka latestTime. Hapo kokwa bado lina joto, ngozi imeshapoa, kreti ya kati iko nyuma ya za pembeni, yote hayo yamebebwa bila wewe kugusa, na mkono wako usingeweza kuyaandika. Ukitaka kuhamia meshi nzuri zaidi katikati ya safari mapFields inakuhamishia namba kutoka meshi moja kwenda nyingine, eneo kwa eneo. Kwenye hii ya umeme kukatika weka na joto la kupumua kwa matunda kama chanzo, maana parachichi linapumua na linapumua sana likiwa la moto, kwa hiyo mzigo ulioanza na nyuzi 30 hautapanda sawa na ulioanza na 22 hata kama hewa inasoma kitu kilekile saa umeme unakatika.

Mwisho kuhusu kuripoti, na hii msimamizi wako ataipenda. Usiripoti "muda wa kufika nyuzi 6", maana karibu na 6 mstari unakuwa bapa, nyuzi nusu ya makosa inakuwa masaa. Watu wa kuhifadhi matunda wanaripoti muda wa kupoza sehemu saba kwa nane ya tofauti kati ya joto la mwanzo la tunda na joto la hewa inayolipoza. Kwako tofauti ni 22, sehemu saba kwa nane ni 19.25, kwa hiyo unasoma saa ambayo katikati ya tunda inafika nyuzi 8.75. Uzuri wake ni kwamba kama hewa inayotoka kwenye mashine ina joto moja muda wote, huo muda haubadiliki sana ukianza na mzigo wa 28 au wa 24. Endesha mara tatu, mzigo wa asubuhi, wa mchana na ule wa mchanganyiko uliopima mwenyewe. Kama saba-kwa-nane ya hizo mbili za kwanza inakaribiana na ya mchanganyiko inatofautiana, basi kinachoamua ni kreti ipi imewekwa wapi, hapo ripoti yako itawaambia wakulima wapange za moto karibu na feni. Kama hata hizo mbili za kwanza zinatofautiana sana basi mashine imezidiwa na joto la hewa inayotoka linapanda, rudi kwenye mpaka wa feni uweke kikomo cha kilowati 5 badala ya joto moja lililogandishwa, halafu endesha tena kuanzia 0.orig.